Jiwe la Maige na Kamusi ya Sista

Jumapili, 6 Juni 1971

Misa ya kwanza. Mke wa mwalimu mkuu amekuja na pambo jipya kifuani, kipepeo cha dhahabu bandia chenye pini nyuma. Amekaa benchi la mbele ili sote tukione. Niliporudi nyumbani nilifungua kamusi. Waingereza hukiita "brooch". Na asili yake? Kijiti chenye ncha, cha kuchomea nyama. Mshikaki! Mama wa watu amekwenda kupokea Komunyo na mshikaki kifuani. Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Kamusi hii ndiyo urithi wangu wote. Sista Bernadina aliniachia aliporudi kwao Uholanzi. Alisema, Justa, kila neno limezikwa mahali, wewe fukua. Nafukua. Kila neno la Kiingereza limeandikiwa lilikotoka, na lilimaanisha nini kabla watu hawajalichezea. Enzi zile nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, shule ya wasichana ya misheni. Sasa masomo ni kwa Kiswahili, nami nimepewa darasa la tatu, kujumlisha na kutoa. Sawa. Naipenda nchi yangu. Lakini kamusi siifungi.

Serafina alikwenda misa ya pili. Bangili sita mkono mmoja. Nilizihesabu kwa mlio tu, nikiwa chumbani.

Jumanne, 8 Juni

Serafina ni mtoto wa marehemu kaka yangu Apolinari. Nimemlea tangu ana miaka minne, hapa hapa Ngokolo, nyumba hii hii. Sasa ana kumi na tisa, anashona cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na kila anachopata kinaishia kwenye masikio, shingo na mikono.

Leo mkufu wa shanga nyekundu. Nikamweleza. "Necklace", nusu ya kwanza ni shingo, haina shida. Nusu ya pili, ukiifukua mpaka chini kwenye Kilatini, ni tanzi. La kunasia ndege. Akauvua. Akauweka mezani polepole kama anaweka yai.

Nikajisikia vizuri. Baadaye vibaya kidogo. Kisha vizuri tena.

Wakati wa kula akauliza, na ushanga wenyewe, shangazi, mmoja mmoja? Hapo nikanaswa, maana kamusi haidanganyi. "Bead" zamani ilikuwa sala. Watu walihesabu sala kwa punje, jina likahama kutoka kwenye sala likakaa kwenye punje. Akatabasamu, akauchukua mkufu wake, akauvaa tena. Basi nimevaa sala, akasema.

Mjanja! Amejifunza kwangu. Nani mwingine angemfundisha?

Ijumaa, 11 Juni

Kumbe kuna mtu. Anaitwa Maige. Kijana wa vijijini huko karibu na mgodi wa almasi, watu wa pamba na ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawapo tena – ndigana iliwamaliza mwaka jana, zizi zima. Amekuja kwa baiskeli. Amevua kofia tangu barabarani, amesema shikamoo mwalimu huku ameinama, hakuinuka mpaka nilipoitikia marahaba. Meno mazuri. Anasikiliza mtu akiongea. Aliiona kamusi mezani akauliza kama ni Biblia. Nikamwambia ni kubwa kuliko Biblia. Akaamini!

Nilitafuta kasoro. Sikuipata haraka. Hilo lenyewe likaniudhi.

Alipoondoka Serafina alisema wanataka kuoana baada ya mavuno. Alisema mara moja tu, akaenda kuosha vyombo. Bangili zililia muda mrefu kule uani.

Niandike hapa, kwa kuwa hapasomi mtu. Sitaki. Akiondoka nitabaki na kamusi na kioo. Asubuhi nitaamkiwa na nani? Nani ataniuliza maana ya kitu? Miaka kumi na mitano nimemfunga vitambaa vya kichwa, nimemkamua majipu, nimemfundisha kusoma kwa kidole. Halafu aje kijana na baiskeli!

Jumapili, 13 Juni

Serafina ameleta lesi nyeupe ya shela. Hata posa haijaletwa. Ya bei rahisi, inakwaruza. Nikamsomea neno "tawdry", vitu vya rangi rangi visivyo na thamani. Limetokana na jina la mtakatifu, Mtakatifu Audrey. Siku ya sikukuu yake kulikuwa na mnada, wakiuza lesi za shingoni, na lesi hizo zikawa duni mwaka hadi mwaka, mpaka jina la mtakatifu likawa tusi. Nikafunga kitabu. Akaikunja lesi yake, akaitia mfukoni.

Nusu ya pili sikumsomea. Kwamba mtakatifu mwenyewe alikufa kwa uvimbe wa shingo. Mwenyewe alisema ni haki yake, Mungu amemlipa kwa mikufu aliyojivunia alipokuwa msichana.

Rovu langu la shingoni halijakua mwaka huu. Nafikiri halijakua. Mtandio unalifunika vizuri. Nami niliwahi kuvaa mkufu, mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na moja. Aliyenipa ana wajukuu sasa, Tabora. Basi.

Jumatano, 16 Juni

Mzee Herman amekuja kuziba ua wetu, maana mbuzi wake ndio walioutoboa. Alifanya kazi mgodini miaka ishirini, chumba cha kuchambulia mawe. Sasa kazi yake ni pombe ya mtama na hadithi. Nikampa chai, nikamwacha aongee.

Anasema mle ndani hakuna pete, hakuna saa, hakuna hata kifungo kilicholegea. Ukiangusha kitu huruhusiwi kuinama. Unasimama, unainua mkono, unasubiri mkubwa aje akiokote yeye. Mpaka leo, anasema, akiangusha kijiko nyumbani anainua mkono kwanza. Mke wake alikuwa akimcheka mpaka alipofariki.

Nikamweleza "diamond". Neno la Kigiriki. Lisilofugika, lisiloshindwa, kama dume la ng'ombe lisilokubali nira. Hata almasi yetu imetoka kwenye neno hilo hilo, imepitia tu kwa Waarabu. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Aliyelipa jiwe jina hilo hakuwahi kulishika, mwalimu. Ni gumu, ndiyo. Linachora chupa, linachora chuma. Lakini lina njia yake ndani, kama ukuni. Ukilipiga nyundo linapasuka."

Anasema zamani watu walikuwa wanayapima kwa nyundo, yale ya kweli yanavunjika, wanayatupa na kulia kwamba wameokota chupa. Kipimo ni kuchora kioo, basi.

Nimeliandika hili ili nisisahau. Mgiriki alikosea. Inanikera kidogo.

Jumamosi, 19 Juni

Maige amekuja peke yake, Serafina akiwa dukani. Amefunga mlango mwenyewe – nikashangaa. Akatoa pakiti ya chumvi ya mawe. Akamwaga mezani kwenye kitambaa, akachambua kwa kidole, akasukuma punje moja mbele yangu. Kubwa kama punje ya hindi. Si nyeupe hasa. Kama imepakwa mafuta. Ndani yake mna mwanga uliojificha.

Aliiokota mwezi wa pili akipalilia pamba, baada ya mvua. Tangu hapo inakaa kwenye chumvi, chini ya kitanda cha mama yake. Anaogopa. Ukikamatwa nayo ni jela, anajua. Lakini ng'ombe hana, na mahari anataka kulipa kiheshima, hataki kumtorosha mtoto wa watu. Baba yake mdogo, Mageni, amemshauri wailete kwangu mahali pa ng'ombe. Mimi msomi. Mimi nitajua ni nini, na nitajua jinsi ya kuipeleka kunakohusika bila mtu kufungwa.

"Ukisema ni yenyewe, mwalimu, ni yenyewe. Ukisema siyo, siyo."

Maneno yake hayo, neno kwa neno.

Alipokwenda kunywa maji niliichukua, nikaigusisha kwenye kona ya chini ya kioo changu, mahali pasipoonekana. Kidogo tu. Ikaingia kama kisu kwenye siagi. Nikairudisha kwenye chumvi kabla hajarudi.

Nikamwambia, ilete siku ya posa, mbele ya wazee. Itakaguliwa kama ng'ombe wanavyokaguliwa.

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumatatu, 21 Juni

Sikulala vizuri. Nilifikiria polisi. Hapana. Polisi ni njia ya watu wasio na kamusi. Halafu Serafina angejua ni mimi, angemfuata mpaka mlango wa jela na chakula kwenye bakuli. Wanawake wetu hupenda sana mtu aliyefungwa.

Mzee Herman amepanda treni leo kwenda Isaka kwa binti yake. Wiki tatu, amesema. Nimemsindikiza hadi njia panda. Nimembebea kikapu.

Jumamosi, 26 Juni

Imekwisha. Niandike yote kwa utaratibu.

Walikuja saa nne. Maige na Mageni na wazee wawili. Upande wetu mimi, na katekista Theonest nimemwomba akae kama mwanamume wa nyumba, maana hatuna. Serafina ndani, nyuma ya pazia, na shanga zake nyekundu. Soda zilikuwepo. Mageni ni mtu mzuri, mnene, ananiita mayu kama naye nimemzaa. Akaeleza habari ya ng'ombe kufa, akaomba radhi, akasema wameleta kitu kimoja badala ya wengi. Akamimina chumvi kwenye sinia.

Wazee wakakiangalia. Hakuna aliyetaka kukigusa. Theonest akajipiga ishara ya msalaba.

Nikasema, kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa mmoja mmoja. Meno, pembe, mkia. Mwenye kasoro hurudishwa, na mwenye ng'ombe hanuni. Mageni akasema ni kweli mayu, ndivyo. Nikasema basi na hiki kitakaguliwa. Nikaleta kamusi. Nikaifungua mbele yao, nikaweka kidole kwenye neno, nikasoma Kiingereza kwanza ili walisikie, kisha nikafasiri. Almasi, kitu kisichoshindwa. Kisichovunjika. Jina lake limebeba hivyo tangu Wagiriki.

Sikusema uongo. Nilisoma kilichoandikwa.

Theonest akauliza, kwa hiyo? Nikasema, kwa hiyo apige. Ikiwa ni yenyewe, nyundo ndiyo itakayoumia. Fundi baiskeli wa jirani ana kipande cha reli anachofulia chuma. Nilikiazima tangu jana. Kilikuwa tayari nyuma ya mlango, na nyundo juu yake.

Nilidhani Maige atasita. Hakusita! Alicheka kwa furaha. Kijana alikuwa na hakika kabisa. Akavua shati la ugenini ili lisichafuke, akapiga magoti, akaweka jiwe kwenye reli. Aligeuza uso kidogo kuelekea kwenye pazia.

Pigo la kwanza jiwe likaruka. Wazee wote wakainama kutafuta kwenye vumbi, Mageni na tumbo lake. Likaonekana, zima, halina hata alama. Wakashangilia. Mageni akasema, mwali tunaye.

Nikasema mara moja haitoshi. Ng'ombe hafunguliwi mdomo upande mmoja.

La pili lililia kwa sauti ndogo, kama jino. Kwenye reli pakabaki unga na vipande vinne, vitano.

Maige alibaki na nyundo mkononi. Akakiangalia kitabu, si mimi. Mageni akakaa chini polepole, akasema, mayu utusamehe, tumekuletea kipande cha chupa mbele ya watu. Theonest akasema la kusema, kwamba ni majaribu. Soda hawakumaliza. Maige alivaa shati, vifungo vikakaa vibaya, akanipigia goti tena akasema asante mwalimu. Asante!

Serafina alitoka walipokwisha kuondoka. Hakulia. Akachukua ile karatasi ya chumvi, akapiga magoti mahali pale pale alipopiga Maige, akaokota vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Nikamwambia acha, ni takataka. Akasema ni za kwake.

Jumapili, 27 Juni

Nimefurahi. Niandike tu, nimefurahi.

Misa nimeimba.

Alhamisi, 1 Julai

Maige amekwenda Geita. Mgodi wa wazungu kule umefungwa miaka sasa, lakini watu wanaingia kwenye mashimo ya zamani kuchokonoa dhahabu, kwa kamba na kurunzi. Anasema hatarudi mpaka apate ng'ombe. Serafina ameniarifu hivyo akikuna nazi, bila kuinua macho. Nikasema maskini. Nikamwambia pia, ili kumfariji, kwamba "jewel", neno lao kwa kila johari, wengine wanaona limetokana na mzaha. Mchezo. Kitu cha kufurahisha wajinga.

Havai bangili siku hizi. Nyumba imekuwa kimya. Si ndivyo nilivyotaka?

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Watoto wamepiga ngoma uwanjani, mimi nimepanga mistari. Serafina alinipikia wali na kuku. Tulikula pamoja, akanichagulia paja. Tulikuwa kama zamani. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, 17 Julai

Mzee Herman amerudi na kikapu cha viazi. Nilimsikia akiamkiwa uani nikiwa naandaa masomo. Nikataka kutoka. Nikabaki kitini.

Serafina alikuwa amekwisha kufungua karatasi yake. Nilisikia yote kupitia dirisha. Mzee akaomba chupa. Kisha mkwaruzo mdogo, mrefu, na mzee akashusha pumzi. Akauliza nani amelivunja jiwe hili. Serafina akamweleza nyundo, reli na kitabu. Alisimulia vizuri, hakuongeza wala hakupunguza. Nikamsikia mzee akikunja karatasi.

"Lakini mbona nilimwambia shangazi yako? Hapa hapa, nikiziba ua. Nilimwambia linapasuka kama ukuni."

Kisha nikasikia mbuzi tu.

Jioni alileta ugali, akaninawisha mikono kama kawaida. Akasema Mzee Herman anasema alikuambia. Nikasema Mzee Herman anasema mengi akishakunywa. Kuna jiwe la zambarau, nikasema, "amethyst", maana yake kwa Kigiriki ni asiyelewa, walilivaa ili wasilewe. Tumnunulie moja. Nikacheka.

Akaniangalia. Macho ya Apolinari. Sikuwa nimeyaona usoni pake mpaka leo.

Akatoa vyombo.

Jumatatu, 19 Julai

Asubuhi nikijifunga mtandio niliona unywele kwenye kioo. Nikaupangusa. Haukutoka. Ni mstari. Mwembamba, umenyooka, umekatiza kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Nikisimama mahali pangu pa kila siku unapita shingoni pangu. Juu kidogo ya rovu.

Kioo hiki nilikinunua kwa mshahara wa kwanza.

Sikuuliza. Aliniamkia shikamoo shangazi, nikaitikia marahaba. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Jumapili, 25 Julai

Barua kutoka Geita. Imeletwa na dereva wa lori, imeandikwa kwa penseli. Serafina amenisomea mezani, baada ya misa, kwa sauti ya darasani niliyomfundisha mwenyewe – simama kwenye nukta, pumua kwenye mkato.

Amepanga chumba na wenzake huko Kalangalala. Asubuhi wanakwenda kwenye mashimo, wanashushwa kwa kamba mbili mbili. Kamba ni ya zamani lakini wanaibusu kwanza. Anakohoa kidogo. Dhahabu bado. Halafu hiki:

"Mwambie shangazi namshukuru kila siku. Asingenifungua macho ningefungwa kwa ajili ya kipande cha chupa. Huku kuna mzee ameokota jiwe mtoni, nimewafundisha kipimo cha mwalimu. Walilipiga likavunjika. Wamenishukuru."

Serafina akaisoma sehemu hiyo mara mbili. Sikumwomba. Akaikunja.

"Nimjibu nini, shangazi?"

Nikasema mjibu unavyopenda. Akasema hapana. Akasema utamjibu wewe, kwa mkono wako. Mimi nikimwandikia hataamini, atadhani najifariji. Anauamini mwandiko wako. Mwandikie lilikuwa jiwe gani. Mwandikie ulijua.

Nikamwuliza, na akishajua utafanya nini? Akasema akishajua atapanda kutoka shimoni. Mengine tutayaona.

Nikamwuliza, na nisipoandika? Nilimwuliza kwa ukali, kama namwuliza mwanafunzi.

"Nitabaki hapa na wewe. Si ndivyo unavyotaka? Sitatoka hata siku moja."

Akaenda kushusha chungu.

Alhamisi, 29 Julai

Mistari mitano. Anaongeza mmoja kila siku ambayo barua haijaandikwa. Hafichi. Leo nilikuwa nimekaa kitandani, aliingia, akasema samahani shangazi, akasimama mbele ya kioo, akatoa kipande kwenye karatasi ya chumvi, akakishika kwa vidole viwili kama anavyoshika sindano. Akachora kwa rula! Rula yangu ya shule. Sauti yake inaingia kwenye meno.

Nikamwambia vile ni vitu vya serikali, ningeweza kukusemea. Akasema nenda, kituo unakijua. Akapuliza unga wa kioo, akaupangusa kwa kanga, akaniuliza nitakula nini jioni.

Anapika vizuri kuliko zamani. Ananiamkia kila asubuhi. Anafua mitandio yangu na kuipiga pasi. Jana mke wa mwalimu mkuu alisema kanisani, una bahati Justa, watoto wa siku hizi hawatunzi wazee hivyo. Mshikaki wake ulikuwa kifuani.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimejaribu. Niseme kweli, nimejaribu. Nimeandika "Mwanangu Maige" na nukta mbili. Nikakaa. Kalamu ikakauka, nikaichovya, ikakauka.

Nikiandika, atarudi. Atakuja na baiskeli, atavua kofia barabarani, nao wataondoka wote wawili, na nitabaki na kioo chenye mistari na jina baya mpaka kwenye mashimo ya Geita. Nisipoandika, kamba ile wanayoibusu.

Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Hilo ndilo linaloniudhi, hakunipa sababu ya kutosha.

Kamusi niliikuta leo mezani imefunguliwa. Sikuifungua mimi. Ukurasa wa Mtakatifu Audrey. Nusu ya pili, ile ya uvimbe, imepigiwa mstari kwa penseli. Serafina alikuwa mlangoni, anakunja nguo. Akasema kwa upole tu, hii hukunisomea.

Nikasema umechafua kitabu. Akasema asili ya maneno lazima ifukuliwe mpaka chini, shangazi. Nikainua mkono nimpige. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Akasimama akausubiri. Nikaushusha.

Alhamisi, 5 Agosti

Alasiri. Jua kali, mabati yanalia. Shule imefungwa kwa likizo, sina pa kwenda kujificha.

Mageni alipita leo asubuhi na gunia la pamba kwenye baiskeli. Amenipa pole ya kazi, ameniita mayu. Anasema kuna shimo limetitia Geita juzi, watu wanne, majina bado. Anasema si lazima awe yeye, mashimo ni mengi kule. Anasema wanasubiri lori la Jumamosi. Akanywa maji, akamsalimu Serafina, akaondoka. Sikumwambia kweli ya jiwe. Alikuwa amesimama pale pale ilipokuwa reli.

Serafina hakulia mbele yake wala nyuma yake. Ameleta kiti chumbani kwangu, karatasi, bahasha iliyokwisha kubandikwa stempu. Ameandika anwani mwenyewe, Kalangalala, kwa mwandiko wa wastani. Akasema kama yu hai ataipata, kama hayuko hai itarudi, lakini iandikwe leo. Halafu akaenda sebuleni.

Karatasi iko hapa kushoto. Mwanangu Maige, nukta mbili. Kulia kitabu hiki, na hapa napata maneno bila shida, ukurasa wa tatu sasa, kalamu haikauki hata kidogo. Sijui kwa nini ya hapa yanakuja na ya pale hayaji. Najua.

Nimesimama kidogo mbele ya kioo. Nimevua mtandio. Mistari kumi na miwili, imepangana vizuri, nafasi sawasawa kama pindo la fundi. Imenikaa shingoni yote. Rovu limekua. Linaonekana hata nikiinua kidevu.

Anaita kutoka sebuleni, kwa adabu ile ile. Anauliza shangazi, wino bado upo?

Upo. Chupa karibu nzima, iko mbele yangu.

Nimemjibu umekwisha.

Kiti kimesogezwa. Ndala zake zinakuja huku, na kalamu ninayo mkononi, imelowa